Mavyaa alininunulia kikaango changu peke yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mume wangu ni Mwingereza. Alikuja mwaka 1998 kufundisha hesabu kwa mkataba wa miaka 2 na hajaondoka mpaka leo. Alisilimu, tukaoana 2003, Mungu akatujaalia watoto 3, na sasa ana karakana yake Muheza, anafunga na kutengeneza pampu za maji za sola. Kiswahili chake amekiokota mtaani, kina Udigo ndani yake, na pale sokoni hakuna anayemwita mzungu, ni Baba Zuhura tu. Nayataja haya usije ukaniambia nimchunguze mume wangu. Huyu nimeshamchunguza miaka 22. Shida iko kwao.

Kwao ni Shropshire, shamba kabisa, kule England inakokaribia kupakana na Wales. Unashuka treni kituo kinaitwa Craven Arms, kisha unategemea gari la mtu, maana basi ni la kubahatisha. Vilima vya kijani, kondoo, nyumba za mawe hazifiki 40, kanisa lenye makaburi mbele ya mlango, na kimya. Siku ya kwanza asubuhi nilisimama barabarani dakika 20 nimsalimie angalau mtu mmoja. Alipita paka.

Baba mkwe alifariki Februari 2021, korona imepamba moto. Uingereza ilikuwa imeitia Tanzania kwenye orodha nyekundu. Hata raia wao akirudi alifungiwa hotelini siku 10 kwa pauni 1,750 za mfukoni mwake. Hatukuwa nazo. Mazikoni waliruhusiwa watu 30 tu. Mume wangu aliyatazama kwenye simu, amekaa kwenye kizingiti cha karakana, mtandao unakatika na kurudi. Tukadunduliza mpaka Agosti 2023, tukaenda wote watano, wiki 3.

Shangazi, sikupokewa. Sitasema nilitukanwa, la. Mavyaa alikuja mlangoni na aproni yake, akatushika mikono, akasema leo hali ya hewa imetulia kuliko juzi. Wajukuu hajawaona miaka 6, anazungumza mawingu! Nikakaa sebuleni, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema hapana, ahsante, kama mgeni yeyote mwenye adabu anavyosema mara ya kwanza. Akasema haya, akajimiminia yake, akanywa mbele yangu.

Siku ya pili nikaona kikaango kipya kwenye ndoano, mpini wake umefungwa utepe wa buluu. Akanionyesha kwa kidole: hiki chako. Vya kwake vya chuma, vyeusi, vizito, akavipandisha juu ya kabati nisivifikie. Wiki 3 nilipika kwenye kikaango chenye utepe, nimetengewa chombo kama mwenye kifua kikuu. Wala si kwamba palikuwa na sababu, maana nguruwe mle ndani sikuiona hata siku moja, na hilo nashukuru. Nilimwambia mume wangu, akasema hajaelewa tatizo ni nini.

Kijiji kizima kina kuku wanachakura kila ua, lakini sisi tulilishwa kuku wa kugandishwa. Wifi yangu anakaa Birmingham, mwendo wa kama saa 2 kwa gari, na kila akija alikuja na kuku kwenye boksi la barafu, wamekuwa kama mawe. Nikauliza kama wanafaa, mume wangu akasema kula, ni halali. Nikala. Lakini ndiyo heshima ya mgeni hiyo?

La kuniuma zaidi ni khanga. Nilimpelekea mavyaa doti ya khanga niliyoichagua mwenyewe, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Akashukuru sana, akaikunja. Baada ya siku 4 nikaona kipande kimoja kimetandikwa kwenye kiti cha mbwa, na mbwa kalala juu yake, mzee, anakoroma, mate yanamtoka kwenye neno APONE.

Na mume wangu kule hakuwa mume wangu. Huku ni mtu wa kucheka na kupiga soga. Kule alishinda kwenye kibanda cha zana za marehemu baba yake, nje, anapanga misumari kwenye vikopo. Nikimuuliza, anasema yuko sawa. Siku ya kuondoka, tukiosha vyombo, wifi akaniambia, na nanukuu kadiri ninavyokumbuka: “Nyinyi mkija anaoka keki. Mimi nikija analalamika mgongo.” Nikanyamaza.

Sasa Februari mwaka huu mavyaa, ambaye ana miaka 81, ameanguka jikoni usiku, akavunjika kifundo cha mkono, akalala sakafuni mpaka asubuhi. Jirani aliona mapazia hayajafunguliwa ndipo akaja. Wifi anazungumzia nyumba ya kulelea wazee. Mimi nikasema mzazi hapelekwi huko, tumlete Tanga, chumba kipo, wajukuu wapo, jua lipo. Mume wangu hakujibu. Wiki iliyopita akasema Agosti atakwenda peke yake. Peke yake, Shangazi. Nahofia mambo mawili: ama ananionea aibu mbele ya watu wake, ama akifika hatarudi. Nifanye nini?

Mama Zuhura, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilifika kwenye kikaango nikacheka mpaka mjukuu wangu akaja kuchungulia, na nakuomba radhi, lakini nitaanzia hapo.

Unasema wiki 3 hukuiona nguruwe. Sasa nikuulize. Nyumba ya bibi wa miaka 79, Shropshire, mashambani, mtu ambaye maisha yake yote kiamshakinywa cha Jumapili ni vipande vya nguruwe vilivyokaangwa na mayai, na wiki 3 nzima hukusikia hata harufu yake. Unadhani huwa haipo? Iliondolewa. Na vile vikaango vyeusi vya chuma vilivyopandishwa juu ya kabati vimekaangiwa mafuta hayo labda miaka 40, chuma kile kinanywa mafuta, hata ukisugue na majivu hayatoki. Yeye analijua hilo kuliko wewe. Kwa hiyo akaenda dukani, na kwao kule duka si la kona hii na kona ile, akanunua kikaango ambacho hakijaguswa na kitu, akakifunga utepe ili asije akajisahau mwenyewe akakitumia. Chombo cha mwenye kifua kikuu hakinunuliwi kipya, mwanangu.

Sikuwapo, naweza nikakosea. Lakini kuku je? Wale kuku wanaochakura uani nani angewachinja kwa bismillahi? Bucha la halali utalitafuta vijiji vyote vile ulikose. Birmingham yamejaa. Wifi yako aliingia kwenye bucha la watu asiowajua, akauliza kitu ambacho hajawahi kuuliza, akanunua, akagandisha, akapakia, akaendesha saa 2. Si mara moja, kila alipokuja. Mume wako alikwambia “ni halali” kwa maneno mawili akaendelea na gazeti lake, na hapo nitamlaumu yeye. Alipaswa kukwambia nani amehangaika.

Nasema haya kwa sababu watu hao nimeishi nao. Nilikaa Hereford miaka 9, kwenye reli hiyo hiyo ya Craven Arms, kazi yangu kuzunguka majumbani kutunza wazee: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia. Mzee wangu wa kwanza alikuwa fundi wa saa, mjane. Kila asubuhi ananiuliza kama nitakunywa chai, kila asubuhi nasema hapana, ahsante, nikingoja anibembeleze kama kwetu. Habembelezi. Nikawa natoka pale koo limekauka. Wiki ya tatu akaniuliza kwa upole kama nina ugonjwa wa tumbo. Kwetu mgeni haulizwi, huletewa tu, na akikataa hiyo “hapana” haihesabiki. Kwao “hapana” ni hapana, na kukulazimisha baada ya kukataa ndiyo utovu wa adabu. Mavyaa aliponywa chai yake mbele yako alikuwa anakuheshimu kwa jinsi alivyofunzwa na mama yake. Nawe ulikataa kwa jinsi ulivyofunzwa na wako. Mkakaa hapo, wanawake wawili wenye adabu, mmoja na kiu.

Na yale mawingu. Hali ya hewa ndiyo shikamoo yao. Mtu akikwambia leo kumetulia hakutangazii utabiri, anakufungulia mlango, na wewe unatakiwa ujibu kuwa ni kweli, ila jioni huenda ikanyesha. Hapo mmeshasalimiana. Uliposimama barabarani dakika 20 ulisimama mahali pasipo na watu, maana barabara za vijiji vile ni za magari. Watu wako nyuma, kwenye vijia vya miguu vinavyokata mashamba, na kila mwenye mbwa unayekutana naye huko atakusalimia bila kukujua. Ungetoka na yule mbwa wao mzee ukamaliza wiki unajulikana na kijiji kizima.

Sasa mume wako, maana yeye ndiye barua.

Unaandika kwamba alishinda kwenye kibanda cha baba yake akipanga misumari, kisha unahama kama vile umetaja hali ya barabara. Mwanangu, huyo mtu alimzika baba yake kwenye simu. Agosti 2023 ndiyo mara ya kwanza anaingia nyumba ile baba hayumo. Kwetu angefika, wanawake wangeangua kilio mlangoni, angelia nao, angepelekwa kaburini na kundi la wajomba, pangesomwa, pangeliwa, na jambo lingekuwa limekaa mahali pake. Kule hakuna wa kumlilia mlangoni. Kuna mama mwenye aproni anayezungumza mawingu kwa sababu akizungumza kingine atalia. Basi mwana akaenda kwenye misumari. Baba yake aliipanga kwenye vikopo kwa urefu, naye akaipanga tena. Hiyo ndiyo matanga yake, na aliyafanya peke yake wewe ukiwa jikoni na hasira za kikaango. Sikusimangi, hukujua.

Kuna jambo jingine ambalo mtu aliyekaa ugenini miaka 27 hulikuta akirudi. Anaporudi harudi mahali, anarudi mwaka. Kichwani mwake kijiji bado ni cha 1998. Sikijui kijiji chenu, lakini nilivyovipitia mimi vimefanana: posta imekuwa nyumba ya mtu, skuli ya msingi imefungwa, baa haina wateja, nyumba zimenunuliwa na wastaafu kutoka mijini kwa bei ambayo kijana wa pale haoni hata ndotoni. Huku Tanga yeye ni Baba Zuhura, mtu mzima, fundi, anasalimiwa shikamoo. Kule ni mtoto wa fulani aliyehamia Afrika, wanamuuliza swali moja kila mtu, joto likoje, wakishajibiwa wamemaliza. Huku si mgeni tena, kule si mwenyeji tena. Mtu wa hivyo akisema anataka kwenda peke yake, sitafuti aibu wala mwanamke mwingine. Anataka aone nyumba ya baba yake bila kulazimika kuwa mkalimani wa kila kijiko kinachogonga sahani. Mwache aende.

Lakini asiende Agosti. Hapa nitakuwa mkali, na mwambie yametoka kwangu.

Agosti ni mwezi wa wageni. Nauli iko juu kwa sababu skuli zao zimefungwa, jua linakawia mpaka saa 2 na nusu usiku, matunda ya miiba yanaanza kuiva kwenye ua wa mashamba, mama anaoka keki, kila kitu kinapendeza na hakuna kinachoonekana. Mama huyo hakuanguka Agosti, alianguka Februari. Aende Novemba. Akae wiki 6. Novemba kabla ya saa 11 jioni giza limeshashuka, sakafu ya mawe ina baridi ya kupasua mfupa, na hapo ataona kwa macho yake kama mama yake anaweza kuwasha jiko kwa mkono uliovunjika, kama anakula au anakunywa chai na biskuti kutwa, kama ngazi ya kwenda chumbani anaipanda kwa miguu au kwa magoti. Wiki 3 za kiangazi huwezi kuyaona hayo, anayaficha. Wote wanaficha. Nimewaona wakijipaka poda ili mtoto wa kutoka ughaibuni asijue.

Na hiyo wiki 6, wifi yako apumzike. Umeandika barua ndefu na wifi umempa mistari michache, nayo ndiyo mistari mizito kuliko yote. “Nyinyi mkija anaoka keki, mimi nikija analalamika mgongo.” Hakuwa anakushambulia. Alikuwa amechoka, akamwambia mtu pekee aliyesimama karibu naye kwenye sinki. Mgeni hupewa keki. Anayekuja kila mara hupewa mgongo. Mimi nililipwa kusikiliza mgongo wa watu, yeye hausikilizi kwa mshahara. Na yeye ndiye anayepigiwa simu na hospitali saa 8 usiku, si nyinyi. Kwa hiyo uliposema mzazi hapelekwi nyumba ya wazee, ulimwambia maneno hayo nani? Kama yalimfikia, mtake radhi. Mtu aliye umbali wa maili elfu nne na ushei hana ruhusa ya kumfundisha aliye saa 2 jinsi ya kumpenda mama yake.

Tuje kwenye kumleta Tanga. Moyo wako umesema vizuri, na ungekuwa mtaa wa pili ningekupigia makofi. Lakini hesabu yake umepiga? Akihamia Tanzania, pensheni yake ya serikali haitapanda tena kila mwaka kama inavyopanda akiwa kwao. Tanzania haimo kwenye nchi ambazo Uingereza inawaongezea wastaafu wake, inabaki pale pale ilipokuwa siku aliyohama. Matibabu ya bure ya huko yanamtoka, maana yanafuata makazi, hayafuati pasipoti. (Na hili mume wako alijue mapema: yeye naye haishi kule, akilazwa hospitali anaweza kuletewa bili japo ni Mwingereza wa damu. Akate bima ya safari.) Huku atahitaji kibali cha kuishi, na hospitali kwa fedha taslimu. Hayo ni ya karatasi. La pili si la karatasi: mumewe amezikwa kule, pengine kwenye makaburi yale uliyoyataja, mbele ya mlango wa kanisa. Akifungua pazia asubuhi yuko naye. Wewe unamwekea chumba, jua na wajukuu, ni vingi, lakini unamwondoa hapo. Mwalike aje kusalimia, msimu wa kusi, Julai, kukiwa na upepo. Kuhama usikutaje tena mpaka akutaje yeye.

Kuhusu hofu yako kwamba mume hatarudi. Mwulize, mbona unaniuliza mimi? Lakini mjue pia sheria inasemaje, isije ikawa mnaogopa kitu ambacho hata hakiwezekani kirahisi. Kama angetaka nyote mhamie, tangu Aprili 2024 Mwingereza anayemleta mke kutoka nje anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Karakana ya pampu Muheza, hata ikistawi vipi, sijui. Ipo milango mingine, ya akiba, au ya mtu anayelipwa posho ya kumtunza mgonjwa, ila hiyo ni ya kukaa na wakili wa uhamiaji, si ya kusomewa kwenye safu ya Shangazi. Na viza ya matembezi inakupa mpaka miezi 6. Usidanganywe na mtu kwamba unaweza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ukawa unaishi huko kwa mlango wa nyuma. Wanahesabu.

Ninachotaka afanye Novemba ni hiki. Wao wawili, dada na kaka, wakae na mama mezani, wazungumze uwakilishi. Kwao kuna hati mbili, moja ya mali na fedha, moja ya afya na malezi, mzee anaandika nani aamue kwa niaba yake siku akili ikipungua. Lazima aandike akili ikiwa bado timamu. Ikishapungua mnaanza kwenda mahakamani. Mwakilishi anaweza kuwa mtoto anayeishi nje, kwa hiyo mume wako asijitoe. Kisha waipigie halmashauri ya pale ije imfanyie mama tathmini ya mahitaji. Ni bure, na hawaruhusiwi kukataa kumtathmini eti kwa sababu ana nyumba au akiba. Wifi naye ana haki ya kutathminiwa kama mtunzaji, na nina hakika hajui au hajajali. Baada ya hapo ndipo wanauliza fedha: mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia. Akihamia nyumba ya wazee, kwa kuwa ni mjane, ile nyumba ya mawe nayo kwa kawaida inahesabiwa. Ndiyo maana wifi anazungumzia jambo hilo kwa uchungu, si kwa wepesi. Mwambie mume aulizie pia posho inaitwa Attendance Allowance, ya wazee wanaohitaji msaada wa mtu. Hiyo haitazami akiba ya mtu, na wengi hawaombi kwa sababu wanaona ni kuomba. Mavyaa wako naye atakataa. Atasema hataki kuwa mzigo. Mkishasikia neno hilo, jazeni fomu.

Na avae kengele ya shingoni. Wanayo, unabonyeza, mtu anajibu. Mapazia yasiwe ndiyo kengele.

Wewe fuata wiki 2 za mwisho. Ombi la viza unaweza kulituma mapema miezi 3 kabla, usingoje. Watoto wabaki na mama yako, skuli ziendelee. Ukifika, akikuuliza chai, sema ndiyo, tafadhali. Siku ya pili usiulizwe, chemsha wewe. Siku ya tatu, unajua kwetu siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Wao hawatakupa, wanaona vibaya, watakwambia kaa tu, pumzika. Usikae. Vaa gambuti za marehemu zilizoko mlangoni, ingia bustanini, au ondoa majivu ya jiko, au mpake mafuta kile kifundo cha mkono kilichovunjika. Mguse. Wazee wale hawaguswi na mtu ila daktari. Nilikuwa nikimpaka losheni mama mmoja kule Leominster miguuni, akaniambia mara ya mwisho kuguswa ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, na aliyemgusa ni mimi.

Mpigie wifi leo, kabla hujamaliza kusoma. Usiseme mengi. Mwulize zile kuku alizinunua wapi.

Umebaki mbwa. Hapo sina jibu. Inawezekana hakuijua khanga ni nini, maana hujasema kama ulimweleza. Kwake ni kitambaa kizuri chenye maandishi. Kumbuka wewe mwenyewe umesema ni kipande kimoja. Doti ina viwili. Cha pili kiko wapi? Utakapofika mwulize taratibu, na umsomee kilichoandikwa, neno kwa neno, umwambie maana yake. Pengine utakikuta kwenye kabati lake la nguo, pengine kitandani upande wa marehemu, pengine amekipoteza, sijui. Na yule mbwa, kama bado yuko hai, usimnyang'anye chake.

Shangazi